Kobe Akitaga Uani, Acha Mayai Ardhini

Mayai mengi ya kobe hufia ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga vya kuku. Mfugaji anamwona jike akichimba jioni, anasubiri amalize, anafukua, anaosha mayai kwa maji ya bomba, anayapanga kwenye trei na kuwasha mashine. Mashine ile imetengenezwa kwa ajili ya kuku: inashika nyuzi 37.7 za Selsiasi na inageuza mayai kila baada ya saa chache. Yai la kuku linayahitaji yote mawili, na yote mawili yanaliua yai la kobe. Joto likipita nyuzi 35 kwa muda mrefu, kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, kinakufa. Na kwa kuwa kiinitete cha kobe hujishikiza upande wa juu wa ganda katika siku moja au mbili za kwanza, yai likigeuzwa baada ya hapo kiini cha njano kinakilalia na kukikaba.

Tunayemzungumzia hapa ni kobe wa madoa, yule wa manjano na meusi mwenye gamba la mviringo, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis. Makao yake yanaanzia Ethiopia na Sudan Kusini, yanapita Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Huyu ni mwenyeji wa udongo wetu, jua letu na mvua zetu. Ndiyo maana ushauri wetu kwa mfugaji wa huku ni tofauti na ule anaoupata mtu wa Ujerumani au Uingereza, ambako bila mashine yai haliwezi kufika popote. Huku kwetu kiota kiachwe palepale jike alipokichimba, na nguvu zako zote uzielekeze kwenye vitu vinavyokizunguka: jua, maji, wavu na wadudu.

Kabla ya yote, kibali. Kobe huyu ni mnyamapori hata kama amezaliwa nyuma ya jiko lako. Kenya anaangukia chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na mwenye mamlaka ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tanzania Bara ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na mlango wa kubisha ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania. Yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila karatasi ni kosa jingine juu ya kosa. Kumwokota porini au barabarani na kumfanya wako hakuhalalishwi na huruma. Na mwenye kibali cha kobe wawili asidhani vifaranga kumi na watano watakaotoka ardhini wameshaingia kwenye kibali hicho. Waulize maofisa mapema, mayai yakiwa bado chini.

Dalili za jike anayetaka kutaga

Asikupumbaze kwamba yuko peke yake. Jike wa kobe huhifadhi mbegu za dume mwilini, na anaweza kutaga mayai yenye uhai mwaka mzima au zaidi baada ya kutenganishwa na dume.

Siku chache kabla ya kutaga anapunguza kula au anaacha kabisa. Anazunguka kando ya uzio tangu asubuhi, ananusa ardhi, anachimba kidogo, anaacha, anahamia kwingine. Mashimo matatu au manne ya majaribio ni jambo la kawaida. Aliyekatishwa tamaa na jiwe, mzizi au udongo mgumu anajaribu pengine, kwa hiyo ukiona mashimo mengi yaliyoachwa, mwagia maji sehemu yenye jua jioni ili kesho yake akute ardhi laini.

Kazi yenyewe mara nyingi huanza alasiri. Jike anakita miguu ya mbele na haiondoi tena hadi mwisho. Anamwaga maji aliyoyahifadhi kwenye kibofu ili kulainisha udongo, halafu miguu ya nyuma inapokezana: wa kulia unaingia, unachota tope kidogo, unalitua kando taratibu, wa kushoto unafuata. Shimo linakuwa na kina cha sentimita 15 hadi 25, jembamba mdomoni na pana chini kama kibuyu. Mayai ni meupe, ya duara, ya ganda gumu, kipenyo chake karibu sentimita 4, na kwa kawaida ni kati ya 6 na 18. Kila yai likidondoka, mguu wa nyuma unashuka na kulisogeza pembeni ili kumpisha mwenzake. Akimaliza anafukia, kisha anashindilia: ananyoosha miguu ya nyuma, anainuka, anajiachia kwa gamba la tumbo, puu, anainuka tena. Hushindilia hadi mahali pale pafanane na pengine, na kama hukuwepo hutajua kitu. Yote hayo huchukua saa mbili, wakati mwingine hadi tano.

Katika muda huo fungia mbwa, watoto wakae mbali, na usimmulike tochi usoni. Jike aliyekatizwa anaweza kuondoka na mayai tumboni. Yakikaa humo mno yanazidi kuongezewa ganda, yanakuwa mazito na yenye kukwaruza, na mwisho yanashindwa kutoka. Jike anayesukuma bila kutoa kitu, miguu ya nyuma ikilegea, ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Akiondoka, chomeka vijiti vinne kuzunguka mahali pale, kila kimoja sentimita 30 kutoka katikati. Piga picha, andika tarehe. Usipoweka alama leo, mwezi ujao mtakuwa mnabishana nyumba nzima kama ni chini ya mlimao au kando ya tangi.

Udongo na jua

Ua ambao ni sementi na nyasi zilizoshikana, au mfinyanzi unaotuama maji, unahitaji tuta la kutagia. Vipimo vinavyotosha ni mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kimo cha sentimita 45. Hiyo ni karibu mita moja ya ujazo, toroli 17 hivi za udongo. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu au tifutifu na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Mwagia, ukanyage kidogo, uache wiki mbili utulie, maana shimo likichimbwa kwenye udongo uliojazwa jana litabomoka kabla yai la kwanza halijatua.

Samadi usiweke. Inatoa joto na gesi, inaleta ukungu na mchwa. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi, na kifusi cha ujenzi kina chokaa na vipande vya misumari.

Tuta lipate jua saa tano kwa siku kwa uchache. Pwani hilo halina shida. Nyanda za juu, Nairobi, Arusha, Iringa, ndiko hesabu inakotakiwa. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa baridi, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, hivyo tuta lililoegemea upande wa kaskazini wa ukuta linapata mwanga wa moja kwa moja na joto la ukuta usiku, na lile la upande wa kusini linabaki kivulini miezi yote ambayo lingehitaji jua zaidi. Wafugaji wengi hawafikirii jambo hili, na ndilo linalotofautisha kiota kinachoanguliwa na kile kinachooza.

Kuhamisha mayai, na lini

Zipo hali tatu zinazoruhusu kufukua: maji ya mvua hupita au kutuama pale, kiota kimechimbwa juu ya njia ya mchwa au siafu, au pako penye kivuli kutwa nzima. Vinginevyo usiguse.

Ukilazimika, fanya ndani ya saa 24 za kwanza. Fukua kwa vidole na kijiko cha mbao ukitokea pembeni, kamwe si kwa jembe wala koleo. Yai la kwanza likionekana, kabla hujaliinua, chora msalaba mdogo juu yake kwa penseli laini. Kalamu ya wino mzito ina kemikali zinazopenya ganda. Inua bila kuzungusha, liweke kwenye beseni lenye mchanga wa unyevunyevu, alama ikitazama juu, na usilioshe, kwa sababu ute uliolikaukia ni sehemu ya ulinzi wake. Shimo jipya liwe na kina kilekile. Panga mayai, jaza udongo kwa mkono, shindilia kwa kiganja kwa nguvu ya wastani. Tabaka la juu likiachwa legelege, maji ya mvua yataingia moja kwa moja hadi kwenye mayai.

Wavu

Jike huyu anaweza kutaga tena baada ya wiki tatu hadi sita, na anapenda kurudi karibu na pale alipofanikiwa. Bila kizuizi atafukua mayai yake mwenyewe. Kwa hiyo hatari ya kwanza kwa kiota mara nyingi ni mama.

Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, kimo cha 30, uifunge wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 12, yaani nusu inchi. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa. Panya anapita, na kifaranga wa kobe anaweza kunasa shingo. Wavu wa pembeni ushuke ardhini sentimita 20 hadi 25 chini ya fremu, kwani panya buku na nguchiro huchimba. Juu weka kifuniko chenye bawaba na kitasa. Usifunike kwa nailoni, maana joto la mchana chini ya nailoni linapita kiwango na udongo unakosa hewa.

Kenge ndiye mjanja kuliko wote. Ananusa kiota kibichi kwa ulimi wake na anafika siku ya kwanza au ya pili, kabla harufu ya mkojo wa jike haijaisha ardhini. Fremu iwe tayari imeshatengenezwa kabla ya msimu, iwekwe jioni ileile jike anapoondoka, na iwekewe tofali juu ya kila kona.

Miezi ya kungoja

Zika kipimajoto cha kidijitali chenye waya, vile vinavyouzwa kwa ajili ya friji, sentimita 15 chini ya ardhi na sentimita 20 kando ya kiota. Udongo wa kina hicho haubadiliki haraka kama hewa. Ukisoma kati ya 24 na 32 huna la kufanya. Ukishuka chini ya 20, ukuaji unasimama na kungoja, mayai hayajafa. Ukipita 34 mchana mfululizo, weka kivuli cha makuti au wavu wa kivuli juu ya fremu kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri.

Joto hilo pia ndilo linaloamua jinsia. Mpaka uko karibu na nyuzi 31: chini yake wengi huwa madume, juu yake wengi huwa majike. Katika kiota cha ardhini, mayai ya juu hupata joto zaidi ya yale ya chini, na hivyo kiota kimoja huweza kutoa mchanganyiko.

Katika joto lisiloyumba la nyuzi 30, mayai haya huanguliwa baada ya miezi minne na nusu hadi mitano. Ardhini mambo ni ya taratibu: miezi minane, kumi, hata zaidi ya mwaka. Mfugaji anayengojea kwa kalenda ya mashine huchoka baada ya miezi sita, anafukua, anakuta mayai yamekaa kimya, anayatupa. Kumbe yalikuwa hai. Viinitete vya kobe huyu vina uwezo wa kulala usingizi mrefu kusubiri majira, na kupitia kipindi cha baridi ni sehemu ya safari yao.

Maji yanahitaji mkono wa wastani. Kila wiki mbili, chimba kidogo kando ya fremu hadi sentimita 10, kamata udongo, ubane ngumini. Ukishikamana bila kutoa maji, uache. Ukimwagika kama vumbi, mwaga lita tano kuzunguka fremu kwa nje, jioni, ili unyevu uingie kwa pembeni. Udongo uliokauka mno hunyonya maji ya yai, chumba cha hewa kinapanuka, na kifaranga anakufa akiwa amekamilika, bado wiki chache tu. Udongo uliolowa mno unafanya yai lifyonze maji hadi ganda lipasuke. Masika yakiwa makali, chimba mtaro wa sentimita 15 kuzunguka tuta, na usiku wa mvua kubwa inua bati moja juu ya fremu kwa nafasi ya nusu mita. Asubuhi liondoe, tuta lipate jua.

Ukoka ukiota juu ya kiota, ukate kwa mkasi usawa wa ardhi. Ukiung'oa unatikisa mayai, na ukiuacha mizizi yake inashuka na kuyazingira.

Siafu wanastahili hofu. Msafara mmoja unaweza kumaliza kiota kizima mayai yanapoanza kupasuka, kwa sababu harufu huwaita. Kagua kila asubuhi baada ya mvua. Majivu makavu ya jikoni, ukanda wa upana wa sentimita 20 kuzunguka tuta, huwageuza njia, lakini yakilowa hayana kazi tena na lazima yabadilishwe. Mafuta ya taa na dawa za wadudu visikaribie tuta. Vinapenya udongo na kufika kwenye mayai hata baada ya siafu kuondoka.

Kuanguliwa

Kifaranga ana kijino kigumu cheupe juu ya mdomo. Kwa hicho anatoboa ganda, halafu anatulia. Anaweza kukaa siku moja hadi tatu ndani ya yai lililotoboka, akivuta ndani mabaki ya kiini yaliyoning'inia tumboni. Baada ya hapo bado hatoki juu. Anabaki chumbani chini na ndugu zake, siku nyingi au wiki kadhaa, hadi mvua ilainishe kizibo alichoshindilia mama.

Hapa ndipo pana kazi halali ya mkono wa binadamu. Jua likiwa limekausha tuta hadi likapasuka, vifaranga walioanguliwa wanaweza kufia chini wakiwa wazima kwa kushindwa kutoboa. Kuanzia mwezi wa nane tangu mayai yatagwe, ikiwa mvua imechelewa, mwaga lita tatu hadi tano juu ya kiota kwa keni yenye matundu madogo, jioni tatu mfululizo, kisha pumzika wiki mbili na urudie. Kabla ya mwezi huo usimwage maji juu.

Tundu la kutokea ni dogo, linatosha kidole gumba tu. Kichwa kinachungulia, chenye udongo machoni, kinarudi ndani. Mwache. Atatoka mwenyewe, mara nyingi asubuhi baada ya mvua, akiwa na urefu wa sentimita 4 na nusu hivi na uzito wa gramu 30 kupungua au kuzidi kidogo. Wenzake wanaweza kumfuata siku hiyo au baada ya siku kadhaa. Kuanzia tundu la kwanza, kagua fremu alfajiri, adhuhuri na jioni, kwa sababu kifaranga aliyenaswa ndani ya wavu wakati wa jua la saa sita hana pa kujificha. Weka kigae kimoja ndani kama kivuli.

Ukimkuta mwenye kiini bado kinaonekana tumboni, usikivute wala kukikata. Mweke kwenye kiboksi kidogo juu ya kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, penye giza na joto la nyuzi 28 hadi 30, hadi kifyonzwe. Huchukua siku mbili hadi tano. Hahitaji chakula wakati huo. Kiini ndicho chakula chake.

Mwaka wa kwanza

Vifaranga wasikae na wakubwa. Dume la kilo kumi likipita juu ya kifaranga halijui kama limemkanyaga, na minyoo ya wakubwa inawamaliza wadogo. Banda la mita moja kwa mbili linatosha vifaranga kumi, likiwa na wavu wa nusu inchi pande zote pamoja na juu. Juu ni lazima kwa sababu ya kunguru. Pwani, kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, humwinua kifaranga na kumtoboa pale gamba lilipo laini.

Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kinafundisha jambo hili kwa kobe wa aina nyingine, wale majitu wa Aldabra walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kule wadogo hutengwa kwenye mazizi yao, mbali na wakubwa. Na kisiwa hicho kinafundisha pia kuhusu wizi: kundi lililokuwa limefikia mamia lilipungua kwa kuibwa hadi wakabaki saba mwaka 1996. Kwa hiyo kifuniko cha banda kiwe na kufuli, na picha za vifaranga zenye kuonyesha mahali ulipo zisisambazwe kwenye makundi ya simu.

Nusu ya banda iwe jua, nusu kivuli. Ardhi iwe tambarare: kifaranga akipinduka chali juani anaweza kufa kabla ya saa moja kwisha, na jiwe lenye kona ndilo linalompindua. Jua liwafikie kupitia wavu. Kioo huzuia mionzi inayotengeneza vitamini D, na tangi la samaki likiwekwa juani linageuka tanuri kwa dakika chache. Maeneo ya baridi waingizwe ndani usiku kwenye kreti lenye nyasi kavu, joto lisishuke chini ya 20. Banda la juu ya meza ni zuri dhidi ya siafu: kila mguu usimame ndani ya kopo la maji, vilevile watu wanavyokinga makabati ya chakula.

Unyevu ni jambo ambalo wafugaji wa zamani walilielewa kinyume. Waliamini kobe wa nchi kavu anataka ukavu, na magamba yakaota vichuguu. Utafiti uliofanyika Vienna na kuchapishwa 2003, kwa kobe wa jamii ya karibu kutoka ukanda wa Sahel, ulionyesha kwamba hewa kavu ndiyo chanzo kikubwa cha vichuguu hivyo, kuliko wingi wa protini. Wape maficho yenye unyevu: chungu kilicholazwa ubavu, nusu kimejaa mboji ya majani au nyuzi za makumbi ya nazi, ikinyunyiziwa maji kila siku. Waogeshe kila asubuhi mwezi wa kwanza, dakika 15 hadi 20, kwenye sahani yenye maji vuguvugu yasiyozidi kidevu. Hunywa, hujisaidia, huamka.

Chakula ni majani: ukoka, magugu laini ya bustanini, majani na maua ya haibiskasi, mpungate uliochomwa miiba na kukatwa vipande vyembamba, matembele mara moja moja. Mchicha usiwe wa kila siku, kwani una asidi inayofunga kalsiamu. Ugali, wali, mkate, maziwa na chakula cha mbwa visiingie bandani hata kwa kuonjesha. Kalsiamu ipo bure: mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, uloweke siku moja kutoa chumvi, uukaushe, uuache bandani waung'ate. Wa bara watumie maganda ya mayai ya kuku yaliyokaangwa makavu na kusagwa, kijiko kidogo kimoja juu ya chakula cha vifaranga kumi, mara tatu kwa wiki.

Dawa moja lazima itajwe kwa jina kwa sababu iko kwenye kila duka la mifugo: ivermectin. Inaua kobe. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wanadungwa na kupona, lakini kobe anapooza na kufa kwa kipimo kidogo sana. Minyoo itibiwe kwa dawa atakayoandika daktari anayejua watambaazi. Kupe waondolewe kwa koleo dogo, mmoja mmoja, ukishika karibu na ngozi, na wasinyunyiziwe dawa ya kuogeshea mifugo. Kupe wa kobe si wa kudharauliwa: kwa hofu ya ugonjwa wa maji moyo unaoua ng'ombe na mbuzi, Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa madoa mwaka 2000. Kifaranga anayetoa mapovu puani au kupumua mdomo wazi amepata baridi ya mapafu, na hiyo haisubiri kesho. Na kila anayewashika anawe mikono kwa sabuni, watoto hasa, kwa kuwa kobe mzima wa afya hubeba bakteria wa salmonela.

Akifikia sentimita 10 na gamba likikaza, kunguru na nguchiro hawamwezi kirahisi, na anaweza kushinda nje uani mchana. Kobe aliyezaliwa uani asiachiwe porini kwa uamuzi wako. Anaweza kubeba ugonjwa ambao wenzake wa porini hawaujui, na asili ya wazazi wake inaweza kuwa mkoa mwingine kabisa. Hilo liamuliwe na KWS au TAWA.

Ikiwa kibali chako hakiruhusu vifaranga zaidi, mayai yafukuliwe jioni ileile, kabla ya maisha kuanza kukua ndani yake, na yachemshwe. Kuyaacha miezi sita kisha kuyafukua ni ukatili.

Baada ya kifaranga wa mwisho kutoka, ngoja mwezi mmoja, halafu fungua kiota kwa vidole. Utakuta maganda matupu, huenda na mayai yaliyooza, ambayo ni mepesi, yananuka na mara nyingine yana nyufa zenye majimaji. Yale yaliyobaki mazima, mazito, yasiyo na harufu, chora alama ya juu kabla hujayagusa, yamulike tochi gizani bila kuyageuza. Ukiona yamejaa kivuli chekundu au cheusi na chumba kidogo cha hewa, yarudishe kwenye kina kilekile, fukia, rudisha fremu, na uandike tarehe mpya. Hayo yanangoja mvua zinazofuata.